Njombe iliyoshiba bila mafuta: Miaka 80 tangu Waingereza waje kutafuta mafuta ya kula Tanganyika

Novemba mwaka huu wa 2026 itatimia miaka 80 tangu serikali ya Uingereza iidhinishe mpango ulioamua kwamba upungufu wa mafuta mezani kwa Waingereza utamalizwa na ardhi ya Tanganyika. Sisi tunaujua kwa jina la Mpango wa Karanga, na tukiutaja tunataja Kongwa, Urambo na Nachingwea. Njombe haimo. Huku Ubena hakukulimwa hata ekari moja ya karanga za serikali ile, na Makambako ya wakati huo haikuwa mji wa kumsimamisha mtu safari.

Lakini anayetaka kujua kwa nini mkoa wenye mahindi, viazi, maharage, maziwa na sasa parachichi umejaa watoto waliodumaa, afuatilie mafuta. Utafiti wa kitaifa wa lishe wa mwaka 2018 ulikuta asilimia 53.6 ya watoto wa Njombe walio chini ya miaka mitano wamedumaa, kiwango kilichopita cha mkoa mwingine wowote. Utafiti wa afya wa mwaka 2022 ukakuta asilimia 50.4, wakati wastani wa taifa ulikuwa 30. Wataalamu wanataja sababu nyingi, na wana haki: mama yuko shambani tangu alfajiri, mtoto analishwa mara mbili kwa siku, maji si salama, ulanzi unachukua fedha na muda wa wazazi. Katika orodha hiyo mafuta hutajwa mwishoni, kama kiungo cha ladha. Nadhani yalistahili kutajwa mwanzoni.

Hesabu yenyewe si ngumu. Gramu moja ya mafuta humpa mlaji kalori 9; gramu moja ya wanga au ya protini humpa 4. Katika maziwa ya mama, karibu nusu ya nishati yote hutokana na mafuta. Siku mtoto anapoanzishiwa uji wa mahindi uliochemshwa kwa maji na chumvi, mafuta yanaporomoka karibu na sifuri, na tumbo lake ni dogo mno kufidia kwa wingi wa uji. Wataalamu wa mashirika ya FAO na WHO walipokutana Geneva Novemba 2008 walisema mtu mzima apate angalau asilimia 15 ya nishati yake kutoka kwenye mafuta, mwanamke wa umri wa kuzaa asilimia 20, na mtoto aliye kati ya miezi 6 na 24 apunguziwe taratibu tu kuelekea 35.

Nchi nyingine zimefuata mstari ulionyooka. Korea Kusini walipoanza kupima chakula cha watu wao mwaka 1969, mafuta yalikuwa kama asilimia 7 ya nishati kwa siku. Leo yamepita 20, na mjadala wao ni kama yameanza kuzidi. Njombe imekwenda njia iliyopinda, na mara nyingi waliopinda njia hiyo hawakuwa watu wa Njombe.

Nchi ya baridi

Mji wa Njombe uko kwenye mwinuko wa mita 1,900 hivi, na Juni na Julai umande huganda majanini. Mnazi hauoti hapo. Mchikichi hauoti. Ufuta na karanga hutaka joto la tambarare za chini, upande wa Wanging'ombe na Usangu. Watu wa milimani walikuwa na ulezi, baadaye mahindi, maharage, maboga na mboga za kila namna, na walipata mafuta kwenye vitu viwili au vitatu: maziwa na samli kwa mwenye ng'ombe, nyama siku ya shughuli, mbegu za maboga zilizokaangwa na kutwangwa. Karanga ziliingia kwa kubadilishana na watu wa chini. Siku nyingi mboga ililiwa chukuchuku.

Chakula hicho hakikuwa kibaya. Penye maziwa mtoto alikua. Tatizo lilikuja pale wenye nguvu za kufuga na kulima walipoanza kuondolewa. Wakati wa ukoloni wilaya ya Njombe iligeuzwa hazina ya vibarua wa mkonge wa Tanga na Morogoro. Mwanahistoria John Iliffe, katika kitabu chake kikubwa kuhusu Tanganyika cha mwaka 1979, ameeleza jinsi mikoa ya pembezoni ilivyofanywa kuwa visima vya nguvu kazi, na Njombe ni mfano unaojirudia. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda ofisi yao ya kuandikisha vibarua, SILABU, na magari yake yakawa yanapanda Njombe kuchukua vijana. Ndio manamba. Mwanamume aliyesaini alipewa posho iliyoandikwa kwenye mkataba, maana tajiri alijua kibarua mwenye njaa hakati mkonge. Mke na watoto waliobaki kijijini hawakuwa na mkataba na mtu.

Vita ya Kongwa

Kisa cha Kongwa chanzo chake kikuu ni Alan Wood, mwandishi wa habari aliyekuwa mkuu wa idara ya habari ya shirika lililoendesha mpango wenyewe. Alijiuzulu, na mwaka 1950, mambo yakiwa bado ya moto, akachapisha The Groundnut Affair. Ni kitabu cha mtu aliyelipenda wazo na kuumizwa na utekelezaji wake, kwa hiyo msomaji akisome akijua hivyo. Hata hivyo hakuna mwingine aliyeyaona mambo kwa karibu kiasi kile.

Mwaka 1946 Waingereza walikuwa wameshinda vita, lakini siagi, majarini na mafuta ya kupikia bado walipimiwa kwa kadi. Machi mwaka huo Frank Samuel, mkurugenzi mkuu wa United Africa Company, kampuni iliyokuwa chini ya Unilever watengenezaji wa majarini, alipita juu ya Tanganyika kwa ndege akaona pori kubwa lisilo na watu. Aliporudi London akaandika pendekezo: pori lile lifyekwe kwa mashine, lipandwe karanga, mafuta yaende Uingereza. Serikali ikamtuma John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika, pamoja na wenzake wawili, David Martin na John Rosa. Wakazunguka Afrika Mashariki kwa majuma tisa, sehemu kubwa ya safari wakiwa angani.

Walirudi na hesabu inayotisha hata leo. Ekari 3,210,000, zigawanywe katika mashamba 107 ya ekari 30,000 kila moja. Mashamba 80 Tanganyika, mengine Kenya na Rhodesia ya Kaskazini. Gharama ingekuwa pauni milioni 25 hivi. Waziri wa Chakula, John Strachey, akaubeba mpango bungeni kwa ari ya mtu anayeamini kwamba serikali ya wafanyakazi italisha taifa lake. Ikumbukwe cheo chake: mpango ulikuwa chini ya Wizara ya Chakula ya Uingereza, si chini ya wizara ya makoloni. Ulikuwa mpango wa jiko la Mwingereza. Mwafrika aliahidiwa ajira, reli, shule na hospitali. Mafuta yenyewe hayakupigiwa hesabu ya sufuria yake.

Kazi ilianza Kongwa mwanzoni mwa 1947. Wagogo walijua kwa nini pori lile halikuwa na watu: halikuwa na maji. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa kufyeka ekari 150,000; zilizopandwa zilikuwa kama 7,500. Matrekta yalikuwa masalia ya vita, mengine yakiletwa kutoka mbali kama Ufilipino, na kabla mwaka haujaisha mengi yalikuwa yamelala karakana. Kampuni ya Vickers ikachukua vifaru vya Sherman ikavigeuza kuwa matrekta, yakaitwa Shervick. Nayo yakashindwa na mizizi. Mafundi wakagundua kwamba njia nzuri ni kufunga mnyororo mzito wa nanga ya meli kati ya mashine mbili na kuuburuta juu ya pori. Inasimuliwa kwamba agizo la minyororo hiyo lilipofika London lilifutwa, kwa kuwa makarani walidhani ni mzaha: nanga ya meli kwa watu walio mamia ya kilomita kutoka baharini.

Kisha mvua ikanyesha, jua likawaka, na udongo wa Kongwa ukawa kama saruji. Karanga huiva ardhini. Zilizoiva zikabaki humo, majembe ya mashine yakishindwa kuzitoa. Wakajaribu alizeti, ikapigwa na ukame.

Hapo ndipo ugomvi ulipopamba moto, na Wood anautumia kurasa nyingi. Mwaka 1948 kazi ilikuwa imeondolewa mikononi mwa United Africa Company na kukabidhiwa shirika la umma, Overseas Food Corporation. Mwenyekiti wake, Leslie Plummer, alitokea kwenye uendeshaji wa magazeti. Kongwa kwenyewe ikawekwa chini ya Meja Jenerali Desmond Harrison, na mambo yakaendeshwa kijeshi. Wataalamu wa kilimo walitaka kupunguza kasi na kuujua udongo kwanza. London ilitaka ekari, kwa sababu ekari ndizo zilizosomwa bungeni. Wapinzani wa Strachey wakamsulubu kila kikao. Novemba 1949 walioondolewa kwenye bodi walikuwa Wakefield na Rosa, wawili kati ya watatu walioandika mpango wenyewe, na mwenyekiti akabaki kitini. Ukisoma Wood unaona uchungu wake hapo: waliokuwa wanaijua Tanganyika angalau kidogo ndio waliobebeshwa mzigo wa waliokuwa hawaijui kabisa.

Januari 1951 serikali ilitangaza mwisho. Pauni zaidi ya milioni 36 zilifutwa vitabuni. Kongwa ilivuna karanga chache kuliko mbegu ilizonunua. Kusini ilibaki bandari ya Mtwara na reli ya Nachingwea, ambayo baada ya Uhuru iling'olewa. Kongwa ikaja kuwa kambi ya wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika, na hiyo ni heshima nyingine, ya historia nyingine.

Njombe inaingia hapa kwa mlango ambao watu wachache wameuangalia. Sheria ile ile ya bunge la Uingereza ya mwaka 1948 iliyounda shirika la karanga iliunda pia shirika pacha, Colonial Development Corporation, maarufu CDC. Pacha wa kwanza alikwenda kulima mafuta Kongwa akafa. Wa pili alikuja Njombe, na mwaka 1949 akaanzisha Tanganyika Wattle Company, TANWAT tunayoijua hadi leo. Akapanda miwati, miti ambayo magamba yake hutoa dawa ya kulainisha ngozi za viwandani. Biashara hiyo ilidumu. Ilileta ajira, barabara, umeme na baadaye chai na mbao, na Njombe haina sababu ya kuikana. Ila miwati hailiwi. Katika mgawanyo wa mashirika yale mawili pacha, mkoa usio na mafuta ulipewa magamba ya miti.

Kopo la Kimbo na reli

Mafuta ya dukani yalifika Njombe kwa makopo. Kiwanda cha East African Industries cha Nairobi, ambacho Unilever iliingia humo miaka ya 1950, kilitengeneza Kimbo, mafuta magumu meupe yaliyokwenda hadi maduka ya vijijini, na kopo lake tupu likawa kipimo cha mbegu na unga. Kwa familia ya mwalimu au karani hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kuunga mboga kila siku. Februari 1977 Tanzania ilifunga mpaka na Kenya, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka huo, na mpaka haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Viwanda vya ndani havikuweza kuziba pengo. Baada ya vita ya Kagera mafuta ya kula yakaingia katika kundi la sukari, sabuni na khanga: vitu vya foleni, vya kupangiwa kwa kaya, vya kufichwa chini ya kaunta. Msako wa wahujumu uchumi wa mwaka 1983 uliyatoa baadhi mafichoni, haukuyazalisha.

Makambako ilizaliwa katikati ya miaka hiyo. Barabara ya lami kutoka Dar es Salaam kwenda Zambia ilipita, kisha TAZARA, iliyokabidhiwa rasmi Julai 1976, ikaweka kituo hapo, na miaka ya 1980 lami ya kwenda Songea ikaanzia hapo hapo. Njia tatu zikakutana kwenye mji mmoja. Kila kitu kiliweza kufika. Kilichoondoka kwa wingi kilikuwa mahindi. Mradi wa taifa wa mahindi wa mwaka 1975, mbolea ya ruzuku na bei moja ya nchi nzima iliyolipwa na serikali viliifanya Iringa, ambayo Njombe ilikuwa sehemu yake hadi 2012, kuwa mmoja wa mikoa minne inayolisha taifa. Mkulima alifuata bei, na mtu asimlaumu. Maana yake sahani ya nyumbani ikazidi kuwa ugali, na mazao ya mafuta ya tambarare ya Wanging'ombe hayakupata mbolea wala mnunuzi wa namna ile.

Kilichoamuliwa kwenye mizani

Huku foleni za mafuta zikiendelea, dunia ilikuwa inabishana juu ya mtoto wa Kiafrika anakosa nini hasa. Tangu Cicely Williams alipoueleza ugonjwa wa kwashakoo akiwa Ghana ya leo, mwaka 1933, wataalamu wengi walikuwa wameshikilia kwamba anakosa protini, na mamilioni yakamwagwa kwenye unga wa samaki na maziwa ya kopo. Mwaka 1974 daktari Donald McLaren aliandika katika jarida la The Lancet kwamba wazo hilo lilikuwa kosa kubwa: mtoto huyo hakosi protini peke yake, anakosa chakula cha kutosha, anakosa nishati. Na nishati ndani ya kijiko kimoja haina njia ya mkato zaidi ya mafuta.

Ubishi huo ulitua Iringa. Mwaka 1984, kwa fedha za serikali ya Italia kupitia WHO na UNICEF, Taasisi ya Chakula na Lishe na uongozi wa mkoa walianza programu ya lishe katika vijiji 168, Njombe ikiwamo. Mtoto alipimwa uzito mbele ya wazazi kila baada ya miezi mitatu, na matokeo yakajadiliwa na kijiji chenyewe: nani ameshuka, kwa nini, kijiji kitafanya nini kabla ya kupima tena. Kufikia 1988 watoto wenye uzito pungufu walikuwa wameshuka kutoka asilimia 55.9 hadi 38.1, na wenye upungufu mkali kutoka 6.3 hadi 1.8. Habari hizo zilizunguka dunia. Wageni walikuja kujifunza Iringa.

Programu ile ilihubiri kumlisha mtoto mara nyingi zaidi na kuuongezea uji wake nguvu. Mafuta yalikuwa adimu madukani, basi watafiti wa Taasisi walifanyia kazi kimea. Unga wa kimea kidogo hulegeza uji mzito, kwa hiyo mama anaweza kuweka unga mwingi bila uji kugeuka ugali. Kimea cha ulezi kilikuwa kinajulikana nyanda za juu miaka yote, ila safari yake iliishia kwenye komoni. Ilikuwa njia ya werevu, iliyobuniwa na Watanzania kwa kitu kilichokuwapo nyumbani. Karanga zilizotwangwa na mafuta vilisisitizwa pia pale vilipopatikana. Ninaihesabu programu ile kuwa jambo kubwa zaidi lililowahi kufanyika kwa afya ya watoto wa Njombe, na inauma kwamba mjini Njombe huoni hata kibao kinachoikumbusha, wakati Kongwa kila mwanafunzi anaijua. Fedha za wafadhili zilipokwisha, mizani ya vijijini ikanyamaza mmoja baada ya mwingine.

Dumu la njano

Yaliyofuata ni ya haraka. Biashara huria ilianza mwaka 1984. Mwaka 1985 mhandisi Carl Bielenberg alibuni Arusha mashine ya mkono ya kukamua alizeti, mtu mmoja akivuta mpini mrefu, na mashine za namna hiyo, baadaye za umeme, zikasambaa. Wanging'ombe na Makambako zikapata mafuta ya alizeti ya kukamuliwa papo hapo, mashudu yakaenda kwa kuku na nguruwe. Kisha mawese ya Malaysia na Indonesia yakashuka bandarini kwa bei ambayo alizeti haikuiweza, na duka la kijijini likaanza kuuza mafuta ya kupima kutoka kwenye dumu. Tangu mwaka 2011 kanuni zinawataka watengenezaji waongeze vitamini A kwenye mafuta ya kula. Mahitaji ya nchi yakafika tani 570,000 kwa mwaka huku sisi tukizalisha 205,000, kwa takwimu za serikali za miaka michache iliyopita. Mwaka 2018 wizara, mamlaka ya kodi na waagizaji walivutana kama shehena zilizokuwa bandarini ni mafuta ghafi au yaliyosafishwa, kwa kuwa kodi zake zinatofautiana, na bei ikapanda nchi nzima karibu na Ramadhani. Aprili 2022 Indonesia ilipozuia mawese yake kutoka nje kwa wiki kadhaa, muuza mandazi wa stendi ya Makambako alilipia uamuzi wa Jakarta.

Na stendi hiyo inaonyesha upande mwingine. Mabasi ya Songea, Mbeya na Dar es Salaam yanasimama, abiria anapewa dakika chache, na kinachoweza kuliwa kwa dakika hizo ni chipsi, sambusa, kuku wa kukaanga, kitimoto. Viazi vya Njombe vinapanda malori kwenda kwenye makaango ya Dar es Salaam na vingine vinaishia kwenye makaango ya Makambako. Mafuta yale yale hutumika kukaanga tangu asubuhi hadi yageuke meusi. Kati ya utafiti wa afya wa 2004–05 na ule wa 2015–16, wanawake wa Tanzania wenye uzito uliozidi au unene uliokithiri walipanda kutoka asilimia 18 hadi 28. Uchunguzi wa magonjwa yasiyoambukiza wa mwaka 2012 ulikuta zaidi ya robo ya watu wazima wana shinikizo la damu. Mafuta yamefika, ila yamefika mjini kwanza, kwa mtu mzima kwanza, tena yakiwa ya kukaangia. Mtoto wa kijijini ambaye wataalamu wa Geneva walimtaja ndiye wa mwisho kwenye foleni.

Serikali zinaweza kuamua mambo haya. Mauritius mwaka 1987 ilibadilisha mafuta ya bei nafuu yaliyoliwa na watu wengi kutoka mchanganyiko uliojaa mawese hadi ya soya, na kwa miaka mitano kolesteroli ya wananchi ikashuka kwa kiasi kinachoonekana. Ni kisiwa kidogo na uamuzi ulikuwa mmoja, lakini ulikuwa uamuzi juu ya sufuria za watu wake wenyewe. Kwetu bajeti imepandisha na kushusha kodi ya mafuta mara kadhaa kwa ajili ya mkulima wa alizeti, mwenye kiwanda au hazina. Sijasikia ikishushwa au kupandishwa kwa ajili ya uji.

Sasa Njombe ina parachichi. Milima ile iliyokataa nazi na mchikichi imekubali tunda ambalo gramu 100 zake zina karibu gramu 15 za mafuta, mengi ya aina inayosifiwa kwa moyo, na halihitaji kukaangwa wala kukamuliwa ili mtoto alile. Linapondwa kwa kijiko. Miche ya Hass imejaa mashambani, watu wameng'oa hata mahindi, magari ya baridi yanapakia, na soko la Ulaya na India limefunguka. Wakulima wanastahili kila shilingi. Hata matunda yanayokataliwa na wanunuzi wa nje kwa udogo au madoa yana soko, kwa wakamuaji wa mafuta yanayouzwa ghali mbali na hapa.

Septemba 30, 2022, jijini Dodoma, wakuu wa mikoa walisaini mbele ya Rais Samia Suluhu Hassan mkataba wa lishe. Njombe ilisaini pamoja na wengine. Moja ya vipimo vya mikataba hii ni fedha: halmashauri itenge na itumie angalau Sh1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano. Ni kipimo kizuri kwa mkaguzi. Vijiji 168 vya mwaka 1984 vilipimwa kwa kitu kingine, uzito wa mtoto mwenyewe, kila miezi mitatu, mbele ya baba na mama yake. Halmashauri za Njombe na Makambako zina maofisa lishe, zina parachichi lililokataliwa na wanunuzi wa nje, zina alizeti ya Wanging'ombe umbali wa saa moja. Zinaweza kuanza kuutia mafuta uji wa watoto kwenye shule za awali na vituo vya kliniki msimu ujao wa mavuno, bila kusubiri kanuni mpya kutoka Dodoma.